Jasho la Mtoto

Msomaji, watu wengi husema kuwa mtoto hana mali. Alicho nacho ni cha wazazi wake. Maneno haya hupita masikioni kama hekima, kumbe aghalabu hufunika dhuluma. Ushahidi wangu ni maisha ya Jackie Coogan.

Coogan alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1914. Mwaka 1921 alionekana pamoja na Charlie Chaplin katika filamu ya The Kid, akiigiza mtoto aliyetupwa. Filamu ile haikuwa na sauti, lakini machozi yake yalisema, na dunia ilimwelewa. Inakadiriwa kuwa utotoni alichuma dola milioni tatu au nne. Mwaka 1924 alisafiri kuwaombea msaada mayatima wa Mashariki ya Karibu.

Kisha akakua, na macho ya watu yakageukia nyuso nyingine. Kwa hili simlaumu mtu. Uso wa mtoto ni ua, na ua halina budi kunyauka. Sifa hupita, fedha ndiyo iliyopaswa kubaki. Alipotimiza miaka 21, mwaka 1935, baba yake alikuwa amekwisha kufa katika ajali ya motokaa, na mali ilikuwa mikononi mwa mama yake na mtu aliyekuja kuwa baba yake wa kambo. Hakupewa. Mwaka 1938 alikwenda mahakamani, lakini sheria ya California ilihesabu pato la mtoto kuwa la mzazi. Mwishowe aliambulia kiasi cha dola 126,000. Mithali husema, mchumia juani hulia kivulini. Coogan alichumia juani. Waliolia kivulini ni wengine.

Yuko atakayejibu kuwa wazazi walimlisha, wakamvika na kumwongoza katika kazi. Ni kweli. Walakini kumlisha mtoto ni wajibu, si mkopo. Ng'ombe hulishwa ili akamuliwe. Je, mtoto naye ni ng'ombe?

Mwaka 1939 California ilitunga sheria iliyoitwa kwa jina la Coogan, lakini mikataba isiyopelekwa mahakamani iliponyoka. Ilipofika mwaka 2000 ndipo yalipoanza kutumika marekebisho yaliyotamka kuwa pato la mtoto mwigizaji ni mali yake mwenyewe, na kuamuru asilimia 15 iwekwe akiba. Miaka 60 kuziba tundu moja! Coogan hakuyaona. Mwaka 1964 alionekana, mtu mzima mwenye kipara, katika mchezo wa televisheni wa The Addams Family, akafa mwaka 1984.

Basi, msomaji, umwonapo mtoto akiimba au akiigiza na umati ukishangilia, usitosheke kupiga makofi. Uliza mfuko umeshikwa na nani. Na siku utakapokuwa mzazi, kumbuka kuwa jasho halibadiliki kuwa la mwingine kwa sababu limetoka katika paji dogo.