Chakula cha Mgonjwa Hakiishii Kitandani

Wakati wa chakula cha mchana unapokaribia, akina mama na vijana huonekana wakielekea kwenye hospitali za Kigali, vikapu mikononi na themosi kwapani. Wanyarwanda wana neno la kazi hiyo: kugemura, yaani kumpelekea chakula mtu aliyelazwa. Na yule jamaa akaaye wodini kumwosha mgonjwa na kumlisha huitwa umurwaza. Mwanafunzi wa uuguzi, awe katika Hospitali ya Chuo Kikuu, CHUK, au katika hospitali ya jeshi iliyoko Kanombe, yampasa ayajue maneno haya mawili mapema, hata kabla ya majina ya vitamini, maana mara nyingi lishe ya mgonjwa imo mikononi mwa jamaa huyo kuliko mwake.

Wako pia wasio na wa kuwagemulia, waliotoka mbali au waliofiwa na jamaa zao. Kwa ajili ya watu kama hao Isabelle Kamariza alianzisha shirika la Solid'Africa, ambalo limewapikia wagonjwa wa CHUK na wa hospitali nyingine za umma.

Lakini chakula kikishafika, ni chakula gani? Katika nyumba nyingi huaminika kwamba supu ndiyo yenye nguvu. Nyama huchemshwa muda mrefu, mchuzi ukamiminwa ndani ya themosi, na nyama yenyewe ikaliwa nyumbani na wenye afya. Kumbe kilichokwenda hospitali ni maji, chumvi na harufu nzuri! Florence Nightingale, aliyewauguza askari wa Kiingereza katika vita vya Krimea, aliionya tabia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1859: mchuzi wa nyama, alieleza, ukichemshwa hadi maji yakauke huacha kitu kidogo mno. Supu si mbaya; humpa mgonjwa maji na kumfungulia hamu. Ila isihesabiwe kuwa mlo.

Mwili ulio na homa hutumia chakula zaidi, kiasi cha sehemu moja katika kumi kwa kila digrii inayopanda. Kidonda nacho hakifungi bila protini. Nyama si lazima. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha, yakapikwa hadi yakalainika na kupondwa, humfaa sana. Kadhalika dagaa waliosagwa wakatiwa katika isombe, yai, maziwa, au parachichi, ambalo Rwanda halikosekani. Uji wa mtama na soya utiwe mafuta kijiko kimoja, anywe kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku. Mwenye ugonjwa wa figo au wa sukari ana masharti yake, na mwuguzi amweleze umurwaza masharti hayo mapema, si baada ya kikapu kufunguliwa. Aliyekonda kwa njaa ya siku nyingi naye asishindiliwe: moyo waweza kushindwa. Ndiyo sababu watoto wenye utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa mepesi ya F-75, ndipo wakapewa F-100.

Kulisha kwenyewe kuna hatari ambayo jamaa wengi hawaijui. Mtu aliyepooza upande mmoja aweza kupaliwa, chakula kikaingia mapafuni, naye asikohoe hata kidogo. Mwuguzi ampime kwanza kumeza kwake. Akiruhusiwa kula, aketi wima, kidevu kiinamishwe kidogo, kijiko kiwe cha chai, na chakula kiwekwe kwenye shavu lenye nguvu. Kijiko cha pili kisubiri cha kwanza kimezwe. Maji huponyoka kooni upesi kuliko uji mzito. Baada ya kula asilazwe chali kabla ya nusu saa. Aliyepoteza fahamu hapewi kitu kinywani, hata mama yake akisihi kwa machozi.

Kisha sahani iangaliwe inapoondoka. Mwanafunzi akiandika kwamba mgonjwa amekula kwa sababu tu ameona chombo kitupu, huenda ameandika uongo pasipo kukusudia. Pengine umurwaza, aliyekesha siku tatu bila mlo wa maana, ndiye aliyekimaliza. Naye asikaripiwe. Aulizwe kwa upole mgonjwa alikula vijiko vingapi, na hesabu hiyo ndiyo iandikwe. Halafu jamaa za nyumbani waambiwe kwamba kikapu cha kesho ni cha watu wawili.