Nambari ya Simu Si Nambari!

Leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie.

Angalieni hii: 2,147,483,647. Kihesabu ni nambari tamu sana. Chukua mbili kwa kipeo cha 31, toa moja, unaipata. Ni nambari tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, na Leonhard Euler alikuwa ameshalithibitisha hilo kufikia 1772, bila kompyuta wala kikokotoo. Ukiiandika kwa biti ni moja thelathini na moja zilizopangana. Ongeza biti ya alama ya chanya au hasi, biti 32 zimejaa. Ndiyo maana ndiyo nambari kubwa kabisa inayoingia katika INT ya kawaida ya MySQL.

Sasa hasira ya nini? Niliitwa na chama kimoja cha wafugaji huku Nakuru (jina naliweka mfukoni). Malipo ya maziwa hayafiki kwa simu. Mama mmoja wa Subukia alikuwa amefuatilia pesa zake majuma sita, kila akiuliza anaambiwa "ni mtandao". Nikafungua jedwali la wanachama. Wa kwanza, simu 2147483647. Wa pili, 2147483647. Wa tatu... mmeshaelewa!

Simu zetu zikianza na 254 zina tarakimu 12. Kikomo kina 10. Haziingii! Na MySQL ya zamani, isipowekwa katika hali kali, haikatai: inashusha nambari mpaka kikomo, inatoa onyo ambalo hakuna anayelisoma, inaendelea. Nambari halisi imepotea. Tulirudia fomu za karatasi, moja moja.

Najua kuna atakayesema, "Si utumie BIGINT?" Hapana! Itaingia, lakini mtu akiandika 0712, sifuri ya mbele inaliwa. Ugonjwa si ukubwa. Ugonjwa ni kudhani kila chenye tarakimu ni nambari. Nani amewahi kujumlisha simu mbili? Nani amegawa kitambulisho kwa tatu? Kama huijumlishi, ni maandishi. VARCHAR, basi.

Pesa na wakati ndizo nambari za kweli, na hizo pia zipimeni kabla. Ukiweka salio kwa senti katika INT, chama kitagonga ukuta kwenye shilingi 21,474,836 na senti 47. Saa inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa zetu. Sekunde inayofuata itasoma Desemba 1901. Mkopo wa miaka 15 unaotolewa leo unapita hapo!

Mwaka 2014 video ya "Gangnam Style" ilipita kikomo hiki hiki kule YouTube, dunia ikacheka. Subukia hakuna aliyecheka. Kwa hivyo wenzangu, kabla ya kusingizia mtandao, fungueni majedwali yenu usiku huu mtafute 2147483647. Mkiipata, kuna mtu anasubiri pesa zake.