Sikio la Tunduma
Wiki hii, kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma, kabini moja ilipiga rumba ya Kongo, ya nyuma yake kalindula ya Zambia. Utingo aliposikia mpwa wangu anasomea uzamili wa muziki, akacheka: “Mjomba, kwani kuimba nako kunataka digrii?” Kuimba hakutaki. Lakini sikio lisilofunzwa husikia kelele palipo na habari. Kwa mfano, msomi wa muziki Kedmon Mapana alichunguza jinsi watoto wa Kigogo wanavyorithishwa muziki wa kwao. Baadaye akawa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Lakini sisi huku, kahawa ya Mbozi tunaipima kilo kwa kilo, nyimbo za Wanyiha wanaoilima tunazizika pamoja na wazee. Huo ni uvivu, tusiusingizie umaskini. Mpwa wangu ameshaazima kinasa sauti.