Baba Alindaye Kiota

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vya nchi kavu na vya majini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Wiki hii tumepokea barua ya mama yetu mmoja wa hapa pwani, ambaye mwanawe anaishi na familia yake katika jimbo la Ohio, Marekani. Anatueleza kwamba kijana huyo hufanya kazi zamu za usiku, na wakati pekee anaoupata wa kukaa na watoto wake wawili ni asubuhi ya Jumamosi, anapowachukua kwenda kuvua kwa mshipi ukingoni mwa ziwa. Majuzi alimpelekea mamake video. Samaki mkubwa yuko mbele ya macho yao, maji si ya kina, chambo kinapitishwa mbele yake wala hakitaki. Alipochokozwa mara nyingi, akakiuma kwa hasira, akaopolewa. Mjukuu wa kike akasikika akiuliza: "Baba, mbona huyu hakuwa na njaa?" Video ikakatikia hapo.

Mama yetu anauliza mambo mawili. Je, samaki huyo ni halali? Na je, amkanye mwanawe? Anachelea, akimkanya, asije akaliondoa jambo moja tu linalomkutanisha na watoto wake.

Tuanze na samaki mwenyewe, kwani hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo lenyewe. Samaki huyo huitwa besi, naye asili yake ni Marekani ya Kaskazini. Hapa Kenya si mgeni kabisa: aliletwa katika Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 ili wazungu wapate kumvua kwa mchezo, na mpaka leo yumo.

Huko Ohio, baridi inapoondoka na maji kupata joto la nyuzi 15 hadi 20 hivi, besi dume husogea kando ya ziwa, mahali penye jua na pasipo mawimbi. Hufagia chini kwa mkia wake mpaka pakatokea duara jeupe, upana wake kama sinia ya pilau. Jike huja akataga mayai kwa maelfu, kisha huenda zake kwenye kina. Anayebaki ni dume. Huyapepea mayai kwa mapezi yake yasifunikwe na tope, hufukuza kila anayekaribia, na yakishaanguliwa huendelea kuwalinda watoto wake hata wiki kadhaa. Muda wote huo hula kidogo mno.

Hii ndiyo sababu wavuvi wa ukingoni hulalamika kwamba majira hayo besi ni mkaidi. Wanamwona wazi, hawahitaji hata mashua, lakini chambo hakimtamanishi. Basi wamejifunza hila. Huvaa miwani ya kuondoa mng'ao wa maji ili wakione kiota. Husimama nyuma kidogo ya ukingo, kivuli chao kisianguke majini. Hutupa mshipi mbali kupita kiota, kisha huukokota polepole mpaka chambo, ambacho aghalabu ni mnyoo wa plastiki au mfano wa kamba wa maji baridi, kitue katikati ya mayai, nao hukiacha hapo kikitikisika. Samaki hukitazama. Hukizunguka. Mwishowe hukibeba kwa kinywa chake ili akakitupe nje, kwa kuwa hana mikono. Hapo ndipo ndoana humchoma.

Mjukuu wetu, basi, alisema kweli. Samaki yule hakuwa na njaa. Alikuwa baba mlinzi langoni.

Na akishatolewa majini, kiota hakibaki salama. Samaki wadogo wanaovizia kandokando hukivamia katika muda wa dakika chache tu, wakala mayai na watoto. Hata akirudishwa akiwa hai, akicheleweshwa huenda akakuta hakuna kilichobaki, au akakata tamaa akakiacha kiota.

Wako watafiti wa jimbo la Illinois waliofuatilia besi wa ziwa dogo liitwalo Ridge Lake kwa zaidi ya miaka 20. Waliwatenga wale walionaswa mara kwa mara na wale wasionaswa, wakawazalisha kizazi baada ya kizazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba madume wa ukoo unaonasika upesi ndio walinzi wakali zaidi wa viota, na ndio wanaofanikiwa zaidi kupata watoto. Maana yake ni nzito: ndoana ya majira hayo huwachagua walio baba bora, ikawaacha wazembe. Kwa sababu kama hii, katika sehemu nyingi za kusini mwa Ontario, Kanada, uvuvi wa besi hufungwa majira ya kuchipua mpaka mwezi wa Juni.

Sasa tuje kwenye sheria yetu. Nyama ya samaki huyo ni halali bila shaka. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mavuvi katika Suratul Maida, na samaki hahitaji kuchinjwa. Mama yetu asitie wasiwasi juu ya chakula walichokula wajukuu zake.

Lakini uhalali wa nyama ni jambo moja, na adabu ya kuipata ni jambo jingine. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba masahaba wakiwa safarini waliwachukua makinda wawili wa ndege, na mama yao akaja akipapatika juu yao. Mtume (S.A.W.) alipomwona akauliza ni nani aliyemtia uchungu ndege huyo kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Zingatieni, ndugu zetu: ndege ni halali kuliwa, na hata hivyo uchungu wa mzazi ulitazamwa. Isitoshe, Mtume (S.A.W.) alikataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, na wako wanavyuoni wa zama zetu waliokemea kumchoma samaki ndoana na kumwachilia kwa mchezo tu, bila haja ya chakula.

Hatuyasemi haya kama watu wasio na doa. Tulipokuwa wadogo, siku za maji ya bamvua, tulikuwa tukiandamana na nyanya yetu mwambani kutafuta pweza. Siku moja tulimtoa pweza shimoni kwa furaha kubwa, kwani alikataa kutoka nasi tukamshinda. Nyanya akainama, akatazama ndani ya shimo, akaona mayai yakining'inia kama shada za ushanga. Hakutupiga. Alituambia tu kwamba pweza yule hakuwa akijificha, alikuwa akilea, na kwamba mama huyo hukaa na mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Jioni ile mchuzi ulipikwa, nasi hatukuweza kuumaliza. Kwa pweza mlezi ni mama, kwa besi mlezi ni baba, na Muumba wao ni mmoja.

Basi mama yetu, jibu letu la pili ni hili: usimkanye mwanao kwenda ziwani. Jumamosi ile ni neema, na kijana anayetoka kazini usiku kucha akaunyima mwili wake usingizi ili awe na watoto wake anastahiki dua zako kabla ya lawama. Mpigie simu kwa upole, mweleze habari za samaki yule. Mwambie waendelee kwenda, lakini majira ya viota wakiona duara jeupe kando ya maji, waweke mshipi chini wakae watazame. Watoto wataona dume akipepea mayai, akifukuza maadui wakubwa na wadogo. Wakirudi wiki ijayo, huenda wakakuta wingu jeusi la watoto wa samaki, na baba yao akizunguka pembeni.

Wakitaka kitoweo siku hizo, wavue samaki wengine wasiolea, wale watagao mayai kwenye majani na kwenda zao. Akinaswa besi wa kiotani kwa bahati mbaya, wamtoe ndoana upesi na kumrudisha pale pale, bila kumzungusha kwa ajili ya picha. Kisha wasubiri. Malezi yakiisha, besi hurudi kuwa na njaa kweli. Alfajiri na jioni za kiangazi atapatikana kwenye magugu, chini ya miti iliyoangukia majini na kwenye vivuli vya magati, na chambo atakifuata kwa hiari yake. Huyo na achukuliwe kwa Bismillahi, na aliwe kwa shukurani.

Na mjukuu apewe jibu lake. Aliuliza swali zuri, nalo halijajibiwa. Baba yake amwambie kwa kinywa chake: "Hakuwa na njaa, mwanangu. Alikuwa akiwalinda watoto wake, nami sikujua." Kukiri huko hakutampunguzia heshima mbele ya bintiye.

Nasi akina baba wa hapa nyumbani tujitazame. Tunatoka kwenda kazini, barazani, hata msikitini na kwenye darsa, na mwandishi wa safu hii ni miongoni mwa wanaorudi watoto wamekwisha kulala. Kiota kisicho na mlinzi huvamiwa kwa dakika chache. Vyetu havivamiwi haraka hivyo, na pengine ndiyo maana tunachelewa kutambua.

Twamuomba Allah awahifadhi watoto wetu walio karibu na walio ng'ambo. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.