Wetu Wanaishia Wapi?

Kila mfadhili anayefika Likasi huja na swali lilelile: ni kitu gani kinachowasukuma watu wa hapa kuhangaikia wenzao? Semina inafunguliwa, maji ya chupa yanagawiwa, na majibu yanaandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani: upendo, imani, uzalendo. Makuta hayaandikwi, ingawa nusu ya ukumbi inawaza nauli ya kurudi Kikula.

Toleo hili linauliza jambo jingine. Mtu anapoinuka kutenda, anawatendea akina nani, na orodha yake inakomea kwa nani?

Mji wetu unaujua ubishi huu tangu zamani. Desemba 1941, ukiwa bado unaitwa Jadotville, wafanyakazi weusi wa kampuni ya madini ya Union Minière waligoma kwenye viwanda vya Shituru na Panda wakidai mshahara. Siku chache baadaye mgomo ukafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na tarehe 9 askari wakafyatua risasi katika uwanja wa mpira. Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake, akauawa. Wagomaji hao hawakuwa wa kabila moja. Kampuni ilikuwa imewaokota Kasai, Lomami, Ruanda-Urundi, hata Rhodesia ya Kaskazini. Walichokuwa nacho pamoja ni posho ileile, maisha yaliyopanda bei kwa ajili ya vita, na Kiswahili cha kambini. Wazungu walikuwa wametangulia kugoma. Nadhani hilo liliwachoma wagomaji weusi kuliko njaa yenyewe.

Sasa ruka miaka hamsini na moja. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu, na Nguz Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga, akaondoka kitini. Gavana wa mkoa wetu, Kyungu wa Kumwanza, alikuwa ameshawaandaa vijana kwa maneno. Hapahapa Likasi wakawafukuza majirani wenye asili ya Kasai, wengi wao wajukuu wa kambi zilezile za 1941. Familia nzima nzima zililala kwenye kituo cha treni, na masufuria na magodoro yao, zikingoja behewa la kwenda kwa mababu ambako watoto hawakuwahi kukanyaga. Vijana wale nao walikuwa na ari. Walijipanga, na waliamini kabisa kwamba wanawatendea watu wao wema. Ndiyo maana ari ikisifiwa peke yake mimi hushika kichwa.

Mfuko nao ulikuwa na maneno yake. Gécamines, kampuni iliyomrithi Union Minière, iliyotoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986, ilipofika 1994 ilikuwa ikitoa kama 30,000 tu. Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha 2001, aliwaita watu wa hapa wana wa Shaba walioachwa na baba yao, yaani kampuni. Mezani bukari ikipungua, wanaoitwa ndugu nao hupungua.

Tumeona hayo hata katika mambo mema. Serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi walichanga, na shule hazikufa. Kazi kubwa hiyo, wala hakuna semina iliyoifundisha. Lakini mtoto ambaye kwao hakuna kitu alirudishwa mlangoni, mwaka baada ya mwaka, mpaka elimu ya msingi ilipotangazwa bure Septemba 2019. Salongo, kazi ya pamoja ya lazima ya enzi ya Mobutu, ilitaka kutufanya ndugu kwa amri. Fagio zilishikwa mkubwa akipita, kisha zikaegeshwa ukutani.

Basi duara hupanuka vipi? Mimi ningemtuma mfadhili sokoni. Mama anauza unga kwa meka. Mshika daftari wa likelemba, mchango wa kupokezana, anapita, franka zinahesabiwa mbele ya macho ya wote, jina linatiwa alama. Asiyetoa leo hatukanwi, anatazamwa tu, na mtazamo huo unatosha. Mgeni akitaka kuingia, anatafutwa mtu wa kumsimamia: huyu akitoroka, nidaini mimi. Anayesema hivyo anaweka jina lake rehani kwa mtu asiye wa damu yake. Mpoyi aliweka zaidi ya jina. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuchimba: ni nani anayekubali kumdhamini mgeni, na alifundishwa na nani?

Swali hili lina haraka. Tangu sheria ya madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, kampuni zinadaiwa asilimia 0.3 ya mauzo yao kila mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Jamii hiyo ni akina nani, kuna watu wanaokaa mezani kuamua. Mchimbaji aliyekuja jana kutoka mkoa mwingine yumo? Mpangaji je?

Kila mwandishi wa toleo hili, hata yule anayesifu kikundi chake mwenyewe, tulimwomba aeleze ni nani hakuitwa kwenye kikao. Wawili walikasirika, wakaandika hivyo hivyo. Makala zao ndizo za kwanza.