Nani Aulize Swali la Kwanza?

Mwanafunzi wa biolojia hufundishwa kuwa maradhi huletwa na vijidudu, utapiamlo au kasoro za mwili. Mafundisho hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Mwaka 1965 wataalamu wa Wilaya ya Alameda, California, waliwahoji watu wazima wapatao 7,000 juu ya ndoa, jamaa, marafiki na vikundi vyao, kisha wakawafuatilia kwa miaka tisa. Mwaka 1979 Lisa Berkman na Leonard Syme walitangaza kuwa wenye mahusiano machache kabisa walikufa kwa kiwango kilichozidi mara mbili kile cha wenye mahusiano mengi. (Sizungumzii mitandao ya simu, namzungumzia yule atakayekubeba usiku kukupeleka zahanati.)

Basi, aghalabu makabila madogo ndiyo yenye afya duni kuliko majirani zao, na hapo ndipo maarifa haya yanapohitajika zaidi. Lakini uhusiano wa watu hauonekani kwa darubini. Mgeni akiuliza, "Jamaa zako ni akina nani?" hupata jibu linalolingana na swali lake, wala si lazima lilingane na maisha ya anayejibu.

Kwa sababu hiyo naithamini sana kazi ya Wamohawk wa Kahnawake, karibu na Montreal, Kanada. Katika miaka ya 1980 madaktari wa hospitali yao waligundua kuwa kisukari kilikuwa kimeenea mno miongoni mwa watu wa makamo, wakawarudishia wanajamii takwimu hizo. Wazee hawakuomba dawa. Walitaka watoto wakingwe. Mradi wa shuleni ukaanza mwaka 1994, nao ukawa na mapatano ya maandishi: takwimu ni mali ya jamii, na pande mbili zikitofautiana juu ya maana ya matokeo, maoni yote mawili yatangazwe.

Wako watakaosema kuwa mtu akijichunguza mwenyewe atajipendelea. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, mwaka 2005 Kahnawake ilikubali kuchapishwa kwa matokeo ya miaka minane, yaliyoonyesha kuwa unene wa watoto ulikuwa umeongezeka. Ni wataalamu wangapi wa vyuo vikuu wanaotangaza kwa hiari kuwa lengo lao halikufikiwa?

Huku kwetu Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, watafiti wa kigeni waliwauliza Wahadzabe watu wazima 205, katika kambi 17, wangependa kuishi na nani na wangempa nani zawadi ya asali. Matokeo yalitoka mwaka 2012 katika jarida la Nature, yakihusu asili ya ushirikiano wa binadamu. Swali ni zuri, na kazi ilifanywa kwa uangalifu. Lakini maswali ya namna hiyo hiyo yangeweza kuonyesha ni kambi ipi habari za chanjo huchelewa kufika, na mama mjamzito humtegemea nani uchungu unapoanza. Sidhani kama Mhadzabe, angeshika yeye daftari, angeanza na asali.

Napendekeza kila ombi la kibali cha utafiti juu ya jamii ndogo liambatane na maswali yaliyotungwa na jamii hiyo, yakiandikwa kwanza kwa lugha yake, na bajeti ionyeshe fedha za kuyajibu.