MWACHE MGENI ALE!

Wiki hii safu yetu imehamia kwenye benchi la drafti. Kama hujawahi kufika Kihesa, basi ujue kwamba hapa kwetu Iringa Jumapili jioni, baridi ikianza kung'ata, vijana tunajikusanya kijiweni kuzunguka ubao na visoda. Watu 16, kila mmoja anatoa jero, halafu ni mtoano mtupu: ukifungwa unanyanyuka. Anayeshinda mechi 4 anaondoka na buku nane. Sio utajiri, lakini kwa mtu asiye na kibarua hiyo ni nauli ya siku kadhaa.

Mechi mbili za kwanza mara nyingi unaangukia kwa wageni wa mchezo: mwanachuo aliyejifunzia kwenye simu, dogo wa sekondari, au mshikaji aliyepitia kilabuni na ulanzi uko kichwani. Watu wanasema huo ni mteremko. Kumbe hao hao ndio wanaowatoa mafundi! Fundi akimwona mgeni anataka kuonyesha maufundi. Anatafuta kula tatu kwa mpigo ili benchi lishangilie, anaacha nyuma wazi, mgeni wa watu anapenya na kuingiza kingi. Na kingi wa kwetu anavyokimbia ubao mzima, shughuli imeisha.

Kwa taarifa yako, Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada walianza mwaka 1989 kuichambua kwa kompyuta drafti ya Kiingereza, ile ambayo kingi anatembea hatua moja moja. Walimaliza 2007. Jibu lao: pande zote mbili zisipokosea, mchezo ni sare. Kanuni zetu ni tofauti kidogo, ila funzo ni lile lile. Ushindi unatokana na kosa la mwenzako. Mgeni atakosea tu, wewe kazi yako ni kutokosea kabla yake.

Mimi nafanya hivi. Kwanza, kati ya kete zangu 12, zile za mstari wa nyuma sizikurupushi. Zikikaa pale, mgeni hana pa kuingizia kingi.

Pili, namlisha. Kijiweni kwetu kula ni lazima, na mgeni anapenda kula kuliko kushinda. Mpe moja, ule mbili. Wakati anahesabu visoda mkononi, wewe unaangalia ubao.

Tatu, nikishaongoza natafuta kula na kuliwa, moja kwa moja. Kete 12 kwa 10 bado ni vita. Punguza mpaka 4 kwa 2 uone kama atapumua! Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaongoza halafu wanaanza kutafuta sifa.

Nne, nanyamaza. Mgeni ukimcheka anaamka, anaanza kufikiri. Wahehe waliijua hii zamani. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, jeshi la Mkwawa lilijificha kimya mpaka msafara wa Wajerumani wa Zelewski ukaingia mtegoni. Zelewski hakutoka. Sasa wewe kete moja tu umekula, kelele zinasikika mpaka Miyomboni!

Lakini kuna jambo moja, na hili nalisema bila utani. Mgeni akifungwa, damu inachemka: "Weka buku tano, turudiane!" Hapo ndugu yangu, kunja ubao. Jero ya mtoano ni kiingilio cha burudani, kila mtu ameitoa akijua inaweza kwenda. Buku tano ya hasira ni nauli yake ya kurudi Ipogolo, au ni hela aliyotumwa dukani na mama yake. Mtu mwenye hasira kumfunga ni rahisi mno, na ndiyo maana haifai.

Tena fikiria kibiashara. Ukimkamua leo, Jumapili ijayo harudi. Wakikimbia wageni wote, kijiwe kinabaki na mafundi watupu, na zile mechi mbili nyepesi utazipata wapi? Mimi nikishamtoa mtu namwonyesha kete iliyomuua. Anacheka, anarudi, na jero yake anarudi nayo.

Haya, tukutane wiki ijayo. Linda nyuma!